Umeweka mbegu za mlonge na maji bado yamegoma? Tafuta dalili yako hapa

Masika yakishika, wa mtoni na wa lambo wote wanachota tope. Rufiji inageuka, Ruvu inageuka, Tana kule kwa wenzetu Kenya ndo usiseme, na hapo ndo utasikia watu wanakumbushana habari za mbegu za mlonge za kusafishia maji ya tope (wengine mnaita mronge, pwani kuna wanaosema mzunze, mti ni ule ule). Wiki haijaisha malalamiko yanaanza, huyu anasema nimeweka mbegu maji yako vile vile, yule anasema yameng'aa lakini kesho yake yakanuka, mwingine yeye maji safi kabisa kwa macho lakini watoto wanaharisha. Shida hizi hazifanani na dawa yake si moja, kwa hiyo nimezipanga kwa dalili, tafuta ya kwako.

Ila kwanza ujue hii kitu inafanyaje kazi maana bila hapo utakuwa unabahatisha tu. Chembe za udongo mfinyanzi kwenye maji zina chaji hasi zote, zinasukumana, ndo maana ndoo ya maji ya mto inaweza kulala usiku kucha na asubuhi ukaikuta bado ina tope. Ndani ya mbegu ya mlonge kuna protini inayoyeyuka kwenye maji, hiyo ina chaji chanya, ikiingia inazikamata zile chembe zinaanza kushikana mabonge madogo, yanakuwa mazito, yanazama, na bakteria wengi waliojishikiza kwenye udongo wanazama nayo. Basi. Ni kazi ile ile inayofanywa na shabu, tofauti ni kwamba shabu ikizidi maji yanaelekea kwenye uchachu na mlonge hauna hiyo. Kina mama wa Sudan kando ya mto Nile wametumia mbegu hizi siku nyingi sana kabla ya mtaalamu yeyote, baadae kuanzia miaka ya 1970 mtafiti Samia Al Azharia Jahn akazifuatilia huko huko Sudan akaziandika kisayansi. Malawi nao, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walizijaribu kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Thyolo na zikafanya kazi. Kwa hiyo sio uganga. Lakini ona neno nililotumia, kuzamisha. Mbegu inazamisha uchafu, sijasema inaua kila kitu, na hilo ndo tutalirudia huko chini kwenye habari ya tumbo.

Namna ya kufanya, kwa ufupi, ili tujue tunaongelea kitu kimoja: chukua mbegu kavu, bandua ganda lenye vibawa ubaki na kiini cheupe, twanga kwenye kinu kidogo au saga mpaka iwe unga laini, chekecha, koroga huo unga na maji safi kidogo kwenye chupa utikise dakika kama tano, chuja kwa kitambaa safi upate kimiminika cheupe, mimina kwenye ndoo ya maji ya tope, koroga haraka haraka dakika moja, halafu taratibu dakika tano mpaka kumi, funika uache saa moja mpaka mbili bila kuigusa. Maji ya juu unayahamisha kwa kata au unayamimina polepole kupitia kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, tope la chini unaliacha. Kipimo cha kuanzia: maji yenye tope kidogo kiini kimoja kwa lita nne, tope la wastani kimoja kwa lita mbili, tope zito kimoja kwa lita moja, na yale ya mafuriko kabisa viwili kwa lita. Yaani ndoo ya lita 20 ya maji ya wastani ni viini kumi.

MAJI YAKO VILE VILE, HAMNA KILICHOBADILIKA

Hii ndo dalili inayoongoza na mara nyingi kosa liko kwenye mbegu yenyewe. Mbegu iliyochumwa kwenye tunda bichi la kijani haina nguvu ya kuzamisha tope, hata ukiikausha juani baadae haitakuwa nayo. Tunda liachwe likaukie mtini mpaka liwe la kahawia na linakatika kwa mlio, ndo uchume. Ukibandua ganda ndani unatakiwa ukute kiini cheupe au cha krimu kilichojaa, kikiwa na madoa meusi, kimesinyaa au kimeota ukungu tupa. Na mtu anayetumia majani akitegemea matokeo haya haya ajue majani ni mboga, tena mboga nzuri, lakini tope hayazamishi. Mizizi na magome usiyaguse kabisa kwa habari ya maji ya kunywa, yana vitu vya sumu.

Unga wa zamani ni sababu nyingine. Ule unga wa dukani kwenye vikopo hujui ulisagwa lini, na mara nyingi wanaouza "unga wa mlonge" wanamaanisha majani. Angalia rangi, ukiwa wa kijani sio wenyewe. Twanga mwenyewe, siku ile ile unayotumia, na kile kimiminika usikilaze kikapita siku moja.

Kama mbegu iko sawa basi shida ni mikono. Kuna watu wanamwaga unga mkavu juu ya ndoo wanapiga mwiko mara tatu wanaondoka, hapo unga unaelea juu unalowa unashuka chini kama ulivyo na ile protini haijasambaa. Kukoroga ndo kazi yenyewe hapa. Ile dakika ya kwanza ya haraka inaisambaza dawa kila kona ya ndoo, na zile dakika za taratibu ndo zinazifanya chembe zikutane zishikane, ukiruka moja umeharibu zote mbili.

Na inawezekana vyote uko sawa ila kipimo hakiendani na maji yako, maana tope la lambo la Dodoma sio tope la Rufiji na hata mto mmoja leo sio wa juzi kama mvua imenyesha juu huko. Hapa usibishane na mtu, pima. Chukua chupa nne za plastiki za lita moja zinazoonyesha ndani, jaza maji yale yale. Twanga viini vinne, changanya na vijiko vikubwa nane vya maji safi, tikisa, chuja, maana yake kila vijiko viwili ni kiini kimoja. Chupa ya kwanza weka kijiko kimoja, ya pili viwili, ya tatu vinne, ya nne usiweke kitu hiyo ndo ya kulinganishia. Funga, tikisa zote dakika moja, halafu zigeuze geuze taratibu dakika kama kumi, zisimamishe juu ya meza. Zitazame kuelekea kwenye mwanga. Mwanzo ni wekundu tu wa tope, halafu zinaanza kutokea nukta ndogo ndogo zinazotembea, nukta zinaungana zinakuwa kama chicha la nazi, na katikati yake unaanza kuona maji meupe yanapenya. Baada ya saa moja weka kipande cha gazeti nyuma ya kila chupa, ile inayokusomea maandishi vizuri kwa dawa ndogo kuliko zote ndo kipimo chako cha leo. Zidisha kwa ukubwa wa ndoo. Mvua kubwa ikinyesha tena pima upya, chupa hizo hizo.

MABONGE YANAONEKANA LAKINI YANAELEA, HAYASHUKI

Umekaribia, usimwage. Sababu ya kwanza ulikoroga kwa nguvu mpaka mwisho, mabonge yakishaundwa ukiendelea kupiga yanavunjika tena. Ya pili ndoo inaguswa guswa, mtoto kachota, mtu kaihamisha kutoka jikoni kwenda kibarazani, kila ukiisogeza unaanza upya. Ya tatu baridi, kwa wale wa Makete, Njombe, Lushoto asubuhi maji ni ya baridi na kazi inaenda polepole, acha muda mrefu zaidi au fanya mchana maji yakiwa yamepata joto kidogo. Ya nne chombo kirefu chembamba kama dumu, tope linasafiri njia ndefu na ukija kumimina kupitia kile kishingo linarudi juu lote. Tumia ndoo yenye mdomo mpana, na ukiweza toboa tundu la bomba sentimita kama tano juu ya kitako ili tope libaki chini ya bomba.

MAJI YAMEBAKI NA UKUNGU MWEUPE

Tope jekundu limeondoka ila kuna weupe fulani umebaki haushuki. Hapa karibu kila mara umezidisha mbegu. Mtu anaona kiini kimoja kimefanya vizuri anasema ngoja niweke vitatu yang'ae zaidi, kumbe chaji chanya ikizidi zile chembe zinageuka zote zinakuwa chanya na zinaanza kusukumana upya, umerudi pale pale ulipoanzia. Punguza. Sababu nyingine ni kutochuja, unga wenyewe ndo unaouona. Kitambaa cha kanga kuukuu kilichofuliwa, mikunjo minne, kinatosha.

Ukiona na utando wa mafuta juu usishtuke, mbegu ya mlonge ina mafuta mengi, kama theluthi yake hivi au zaidi. Unaweza ukauengua na kijiko. Ila wenye mashine ya kukamua wana bahati, kamua mafuta ya kupikia kwanza, makapi yanayobaki bado yana ile protini na yanazamisha tope vizuri tu, unakuwa umekula mara mbili.

MAJI YANGU YALIKUWA NA TOPE KIDOGO SANA NA MBEGU HAIJASAIDIA

Ndiyo, haitasaidia sana. Mlonge unataka tope ili ufanye kazi, chembe zikiwa chache hazikutani. Maji ya kisima yanayoonekana safi ukiyatia mbegu utakuwa umeyaongezea vyakula vya bakteria bure. Nenda moja kwa moja kwenye kuchemsha au klorini.

YALING'AA, ASUBUHI YAKE YANANUKA

Hii watu wanadhani mbegu ilikuwa mbovu, wala. Kile kimiminika ulichoweka kina protini na vitu vingine vya mmea, vingine vinazama na tope na vingine vinabaki kwenye maji, na bakteria wachache waliosalia wanavila wanaongezeka. Siku ya kwanza maji mazuri, siku ya pili ni mabaya, wakati mwingine wamezaliana wengi kweli. Ukiacha maji juu ya tope lake ndo kabisa, lile tope la chini limejaa bakteria waliozamishwa, wewe umelala nalo ndoo moja. Kwa hiyo yakishatulia hamisha maji ya juu kwenda chombo kingine safi siku hiyo hiyo, tibu, na yale yaliyosafishwa kwa mbegu peke yake yasipite saa 24. Tengeneza ya leo leo. Tope lile peleka kwenye shimo au shambani mbali na kisima, usimwage pale pale unapochota.

YANANG'AA KABISA LAKINI WATOTO WANAHARISHA

Hapa nitakaa maana hapa ndo watu wanaumia. Maji ya mlonge yakifanywa vizuri yanaweza kupungukiwa bakteria kwa asilimia 90 mpaka 99, na mtu akisikia 99 anaona mchezo umeisha. Piga hesabu. Tuseme ndoo ilikuwa na vijidudu milioni moja, toa asilimia 99, bado wamebaki elfu kumi, na wa kipindupindu au wa taifodi hawahitaji kibali chako kuingia. Na hapo nimesema ikifanywa vizuri, kwa kipimo sahihi, mbegu nzuri, ukahamisha maji bila kutibua. Nyumbani kwa haraka haraka haifiki hapo kila siku.

Shida kubwa ni macho. Maji ya tope kila mtu anayaogopa, mama anachemsha bila kuambiwa, lakini maji ya mlonge yanapendeza, mtoto anachota anakunywa na mgeni anakaribishwa glasi. Kwa hiyo mbegu ni hatua ya kwanza, ya pili lazima iwepo, na uzuri ni kwamba maji yakishang'aa hatua ya pili inakuwa rahisi zaidi.

Kuchemsha: yachemke kwelikweli, yatokote dakika moja, kwa wale wa juu milimani zaidi ya mita 2,000 dakika tatu, basi. Sio lazima nusu saa, unamaliza mkaa bure. Jua: chupa ya plastiki inayoonyesha isiyozidi lita mbili, ilale juu ya bati juani kwa muda wa saa sita, siku yenye mawingu iache siku mbili mfululizo, na siku ya mvua ya kutwa nzima achana nayo chemsha tu. Njia hii ya jua haifanyi kazi kwenye maji ya tope kwa sababu mwanga haupenyi, kwa hiyo hapa mbegu na jua vinasaidiana kweli. Klorini: ile dawa ya maji ya dukani au vidonge, fuata maelezo ya kwenye chupa, subiri nusu saa. Jambo moja tu, chuja vizuri kwanza, mabaki ya mmea yanakula klorini, ukinusa baada ya nusu saa hamna hata kaharufu kadogo ka dawa ujue imeliwa yote na maji hayajatibika.

Na kabla hujalaumu maji kabisa angalia chombo. Kata inayolazwa chini, mkono unaozama ndooni, ndoo ya kutulizia tope ndo hiyo hiyo ya kuhifadhia. Maji yalitoka kwenye sufuria yamepona yakaugulia ndooni.

Mtoto akiharisha mfululizo usikae unahangaika na mbegu, mpe maji ya chumvi chumvi ya pakiti, ORS, mpeleke kituo cha afya. Ukiona anaharisha maji maji kama ya mchele hiyo ni dharura.

VITU AMBAVYO MBEGU YOYOTE HAITOI

Maji ya chumvi yatabaki ya chumvi, hilo halina mjadala. Maji ya kisima kirefu yanayoacha wekundu kwenye nguo na sufuria ni madini ya chuma, hayo yamimine kutoka ndoo kwenda ndoo mara kadhaa yapate hewa, yaache yatulie, uyachuje kwa mchanga.

Wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro, kuzunguka mlima Meru hasa, meno ya kahawia yanatokana na floraidi, na floraidi imeyeyuka haishikiki na mlonge. Kuchemsha nako hakusaidii, tena maji yakipungua kwa mvuke floraidi inabaki kwenye maji machache zaidi. Kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa, huo ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe na sio mkaa wa kupikia, msije mkachanganya.

Maji ya lambo au ya ziwa yenye utando wa kijani kama rangi imemwagwa, ile inayotokea Ziwa Victoria kwenye ghuba, hayo yaache. Kuna aina inayotoa sumu na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha.

NJIA NYINGINE MNAZOULIZIA

Mkaa wa kuni unatoa harufu na ladha mbaya, kwenye chujio la mchanga na kokoto unakaa vizuri, ila uoshe mpaka maji yatoke bila weusi, na ubadilishe mara kwa mara kwa sababu ukishajaa unageuka makazi ya bakteria. Maji yako yakitoka meusi ni vumbi la mkaa, ongeza mchanga laini chini yake.

Kufukiza mtungi kwa ubani au mastiki kama tunavyofanya pwani, maji yanakuwa matamu na mimi mwenyewe nayapenda kuliko ya friji, lakini moshi umeupata mtungi na sio maji utakayomimina ndani. Fukiza, halafu weka maji yaliyochemshwa.

Mpungate, ule mmea wenye miiba, ute wake unashikanisha tope na Mexico wanautumia, shida ukizidi maji yanakuwa na utelezi na yanachacha haraka kuliko ya mlonge. India wana mbegu ya nirmali wanayoisugua ndani ya chombo cha udongo kabla ya kuweka maji, nguvu yake ni ile ile ya kuzamisha na masharti ni yale yale. Ndimu yenyewe haizamishi tope, inasaidia kidogo kwenye maji safi yanayokaa juani, isikutoe kwenye kuchemsha.

KUHIFADHI MBEGU

Matunda ya mlonge yanakaukia mtini kiangazi, tope linakuja na mvua, kwa hiyo mbegu lazima ikusubiri miezi. Usizibandue. Ziache na ganda lake, zianike kivulini, weka kwenye kopo kavu au kibuyu chenye kifuniko, pasiwe na unyevu. Panya wanazipenda. Bandua zile tu unazotwanga leo, na ukiona nyingi zimeanza kuwa za njano na zina harufu ya mafuta yaliyooza, pima kwa zile chupa nne kabla hujajaza ndoo.